Rafu ya dawa za kuungua: kipi ununue, kipi ukiache famasi

Ukiingia famasi ukasema mtoto amemwagikiwa na chai, mara nyingi utapewa tyubu ya krimu nyeupe kabla hujaulizwa chochote. Imemwagika wapi, ngozi imebabuka au imekuwa nyekundu tu, ni saa ngapi zimepita, mtoto ana umri gani: hakuna anayetaka kujua. Tyubu inalipiwa, inapakwa, na mtoto anapofikishwa hospitali daktari anakuta utando mweupe usiomwonyesha kitu. Inabidi utando huo uoshwe kwanza, mtoto akilia, ndipo ijulikane ameungua kiasi gani.

Kwa hiyo bidhaa zilizo kwenye rafu hiyo tunazipima kwa swali moja kabla ya mengine yote: ikishawekwa, je, ukali wa jeraha bado unasomeka? Kuponya kunafuata baadaye. Saa za mwanzo kinachoamua hatima ya mgonjwa ni kujua kina cha jeraha na ukubwa wake, na dawa inayoficha hivyo viwili ina hasara hata kama ndani yake kuna kiungo kizuri.

Kwanza, jeraha lenyewe

Kina husomwa kwa vitu vinne: rangi, unyevu, maumivu, na jinsi damu inavyorudi ukibonyeza.

Jeraha la juu kabisa ni ngozi iliyowaka, imekuwa nyekundu, kavu, haina lengelenge. Hupona lenyewe ndani ya wiki moja na halihitaji dawa ya bei yoyote. Linalofuata hutoa malengelenge. Yakipasuka, chini yake pana rangi ya waridi, panalowa majimaji, na hata upepo ukipita panauma vibaya. Bonyeza kwa kidole safi uachie: panapauka, kisha rangi inarudi mara moja, chini ya sekunde mbili. Hilo likitunzwa hufunga ndani ya wiki mbili hivi, ingawa doa la rangi tofauti linaweza kubaki kwa miezi.

Mambo hubadilika pale kidonda kinapokuwa na mabaka, wekundu ulioiva umechanganyika na weupe, unyevu umepungua, na ukibonyeza rangi hairudi au inarudi kwa kusuasua. Maumivu nayo hupungua, na hapo familia nyingi hufarijika bure. Haliumi kwa sababu mishipa ya fahamu imeungua. Jeraha hilo huchukua zaidi ya wiki tatu na huacha kovu nene. Likiwa kwenye kiwiko, shingo au vidole, kovu huvuta kiungo kikakunjamana. La mwisho limepita ngozi yote: jeupe la nta, au kahawia, au jeusi, kavu, gumu kama ngozi ya ngoma, ukichoma sindano mgonjwa hasikii. Isipokuwa likiwa dogo sana, hilo linahitaji kupandikizwa ngozi, na hakuna tyubu duniani itakayochukua nafasi ya upasuaji huo.

Wengi wetu tuna ngozi nyeusi, na maelezo mengi ya kuungua yaliandikwa kwa kuangalia ngozi nyeupe. Pale ambapo ngozi ya juu haijatoka, usiusubiri wekundu: gusa kwa mgongo wa mkono uone joto, tazama uvimbe na mng'ao wa ngozi iliyojaa, linganisha na upande wa pili wa mwili. Ngozi ya juu ikishabambuka, tabaka la chini lina rangi ya waridi kwa kila mtu, na hapo kipimo cha kubonyeza hufanya kazi sawasawa.

Jambo jingine ambalo lebo za dawa hazisemi: jeraha la moto hukua. Kuzunguka sehemu iliyokufa kuna ukanda ambao damu yake imepungua lakini haijakatika. Ukipozwa mapema, mgonjwa akipata maji ya kutosha mwilini na vijidudu visiingie, ukanda huo hupona. La sivyo nao hufa, na lengelenge la Jumatatu linakuwa shimo la Alhamisi. Ndiyo maana jeraha hukaguliwa upya siku ya pili hadi ya tatu, na ndiyo maana dawa inayolipaka rangi inaudhi hasa siku hizo.

Ukubwa hupimwa kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe. Kiganja pamoja na vidole vilivyobanwa ni karibu asilimia moja ya ngozi yake. Kwa majeraha makubwa hutumika kanuni ya tisa: kwa mtu mzima kichwa na shingo 9, kila mkono 9, kifua na tumbo 18, mgongo wote 18, kila mguu 18, sehemu za siri 1. Mtoto mdogo ana kichwa kikubwa na miguu mifupi, hivyo kwake kichwa ni 18 na kila mguu ni kama 14. Ngozi iliyokuwa nyekundu tu haihesabiwi. Kosa hilo ni la kawaida na lina gharama, kwa sababu dripu hupigiwa hesabu kwa asilimia hiyo: mililita 3 hadi 4, mara uzito kwa kilo, mara asilimia iliyoungua, nusu yake ikiingia ndani ya saa 8 za mwanzo. Mtoto wa kilo 12 aliyeungua asilimia 15 anapata mililita 540 hadi 720 kwa siku, mbali na maji yake ya kawaida. Ukimwandikia asilimia 25 kwa sababu umehesabu na wekundu, umemmiminia maji ambayo mapafu yake hayakuyaomba. Na saa 8 huanza kuhesabiwa tangu alipoungua, siyo tangu alipofika wodini. Basi kumbuka saa aliyoungua, utaulizwa.

Usipite famasi kabisa, nenda hospitali moja kwa moja, kama jeraha limezidi viganja vitano kwa mtoto au kumi kwa mtu mzima. Likiwa usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri au juu ya kiungo. Likiwa limezunguka mkono, mguu au kifua kama pete. Likiwa jeupe, jeusi au lisilouma. Likisababishwa na umeme, asidi, saruji au dawa za usafi. Au mtu akiwa alifungiwa kwenye moshi, sauti imekwaruza, nywele za puani zimeungua. Mjamzito, mzee na mtoto mchanga nao usiwasubirishe. Umeme hasa hudanganya: kwa nje kijitobo cha ukubwa wa maharage, kwa ndani misuli imepikwa na mapigo ya moyo yamevurugika.

Maji

Hayauzwi kwenye rafu hiyo lakini ndiyo yanayoshinda vyote. Maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida, dakika 20 kamili. Yanasaidia hata kama saa tatu zimepita, kwa hiyo mtu asikwambie umechelewa. Hayafichi chochote na hupunguza maumivu kuliko krimu yoyote.

Yanapoharibikia ni kwenye utekelezaji. Watu humwagia dakika mbili wakaacha. Au hufungua bomba la simtanki lililo juu ya paa mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, na maji yanatoka ya moto. Yaache yatiririke kwanza, au chota ya mtungini. Kama hakuna bomba, ndoo moja ya lita 20 inatosha: mimina kwa kata taratibu, lita moja kwa dakika. Barafu hapana. Hubana mishipa ya damu na kuua ule ukanda unaojaribu kuuokoa. Vua nguo zilizolowa maji ya moto, nepi, pete, bangili na shanga mapema, kabla uvimbe haujafika. Nguo iliyogandia kwenye ngozi iache, kata pembeni yake. Mtoto umpoze jeraha tu, sehemu nyingine za mwili zifunike kwa kanga kavu, maana mtoto mdogo hupoteza joto upesi. Asidi na dawa za usafi zinahitaji maji mengi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Unga mkavu kama saruji au chokaa upanguswe kwanza ndipo maji yaanze.

Krimu ya silva sulfadiazini asilimia 1

Hii ndiyo tyubu nyeupe yenyewe. Ilianza kutumika miaka ya 1960, na kwa miongo mingi ilikuwa dawa ya kwanza kwenye wodi za majeraha ya moto, kwa sababu nzuri: madini ya fedha yaliyomo huua bakteria wengi, haiumi ikipakwa, na bei yake haitishi. Kwa jeraha la kina, chafu, au linalosubiri kupandikizwa ngozi mahali ambapo hakuna bandeji za kisasa, bado ina kazi.

Shida ni kwamba inauzwa kwa majeraha ambayo haiyafai. Kwenye jeraha la malengelenge, ambalo lingefunga lenyewe, huchelewesha ngozi mpya kuota. Ikichanganyika na majimaji ya kidonda hutengeneza utando wa kijivu-njano unaofanana na usaha au ngozi iliyokufa. Ndugu hushtuka, na daktari hawezi kusoma kina. Lazima ioshwe yote kila siku kabla ya kupaka nyingine, na kuosha huko kunauma na kunang'oa ngozi changa. Wanaopaka juu ya ile ya jana wanajenga ganda ambalo chini yake bakteria hufanya karamu.

Kisha piga hesabu. Inatakiwa ipakwe nene, milimita moja na nusu hivi. Eneo la kiganja cha mtu mzima na vidole vyake ni kama sentimita za mraba 150, kwa hiyo mpako mmoja unakula zaidi ya gramu 20. Tyubu ya gramu 15 haitoshi hata kiganja kimoja kwa mara moja! Anayeinunua huipaka nyembamba kama mafuta ya uso, ikakauka, gozi (kitambaa cha kufunikia kidonda) ikagandia. Jeraha linalostahili krimu hii kweli linahitaji kopo, na mtu mwenye jeraha hilo alipaswa kuwa hospitali.

Kuna wasioruhusiwa kabisa: mtoto wa chini ya miezi miwili na mjamzito aliyekaribia kujifungua, kwa kuwa inaweza kuleta umanjano unaodhuru ubongo wa mtoto, na yeyote aliyewahi kuvimba au kutokwa vipele kwa Septrin au kwa SP ya malaria, maana ni ukoo uleule wa salfa. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, naye ajihadhari na kuipaka eneo kubwa. Muuzaji asiyeuliza haya anakuuzia bahati nasibu.

Hukumu: saa 48 za mwanzo usiiguse. Baada ya hapo, kwa maelekezo ya aliyeliona jeraha.

Gozi ya parafini

Ni wavu wa pamba uliolowekwa parafini laini (jamii ya vaselini, siyo mafuta ya taa), kwa kawaida kipande cha sentimita 10 kwa 10. Jelonet ni jina mojawapo linalojulikana. Zipo nyingi za bei nafuu zinazofanya kazi ileile. Kwa jeraha la malengelenge la ukubwa wa kiganja kimoja au viwili, mahali pasipo hatari, hii ndiyo tungenunua kwanza. Haipaki rangi, hutoka bila kung'oa ngozi ikiwekwa vizuri, na ukiifungua unaona jeraha jinsi lilivyo.

Kuwekwa vizuri maana yake hivi. Osha jeraha kwa maji safi na sabuni isiyo kali, kausha ngozi ya pembeni tu. Weka tabaka mbili, siyo moja, zipite ukingo wa jeraha kwa sentimita mbili kila upande. Juu yake weka gozi kavu nene ya kunyonya majimaji, kisha bandeji isiyobana. Vidole vifungwe kimoja kimoja. Vikifungwa pamoja vikiwa vibichi huweza kushikana. Fungua baada ya siku moja au mbili kukagua, kisha kila siku mbili hadi tatu, mapema zaidi kama majimaji yamepenya hadi nje au pananuka.

Inaharibika kwa njia tatu. Mtu huweka tabaka moja, mafuta yanakauka, kidonda kinaota kupitia matundu ya wavu. Ikifika hapo loweka kwa maji dakika kadhaa, usivute kwa nguvu. Mwingine hukata kipande kidogo ili abane matumizi, na gozi kavu inagusa ukingo. Na duka huuza vipande kimoja kimoja kutoka kwenye kopo lililofunguliwa wiki iliyopita. Lipia zaidi kidogo upate kilichofungwa kwenye pakiti yake.

Zile zenye dawa ndani, kama Sofra-Tulle yenye antibiotiki ya framaisetini, huuzwa kama daraja la juu. Kwa jeraha safi la juu huhitaji antibiotiki, wapo wanaovimba nayo, na ikitandazwa eneo kubwa hunyonywa mwilini. Yenye klorheksidini, kama Bactigras, inavumilika zaidi, lakini ya kawaida inatosha.

Hidrojeli

Burnshield ya Afrika Kusini ndiyo inayoonekana zaidi katika masanduku ya viwandani na kwenye magari ya wagonjwa: sponji iliyolowa jeli, sehemu kubwa ikiwa maji, pamoja na mafuta ya mti-chai (tea tree). Inapoza, inatuliza maumivu, haigandi, na ukiinyanyua jeraha linaonekana. Kwa lori, kiwanda, au jiko la hoteli lililo mbali na bomba, inafaa pesa yake.

Lakini pale penye maji haiongezi kitu, na watu huifungua wakaruka zile dakika 20 wakidhani wameshapoza. Kwa jeraha kubwa, au kwa mtoto, jeli huendelea kuvuta joto la mwili njia nzima hadi hospitali, na mgonjwa anafika anatetemeka. Pakiti ikishachanwa hukauka; haiwekwi akiba.

Plastiki ya kufunikia chakula

Ile ya roli, nyembamba, inayong'aa. Hutumika Uingereza katika huduma ya kwanza ya kuungua, nasi tunaipa alama ya juu kuliko nusu ya rafu ya famasi. Haigandi, huzuia hewa inayochoma, na daktari anaona kina bila kufungua chochote. Tupa mzunguko wa kwanza wa roli, kisha tandaza vipande kwa urefu, kimoja kikipanda kingine. Usizungushe mkono au mguu kama unafunga zawadi, kwani uvimbe ukija itakaba. Si kwa uso, si kwa kemikali, na ni ya safari ya kwenda hospitali tu. Mkono ulioungua uingie kwenye mfuko safi wa plastiki mwangavu, vidole vikiwa huru.

Asali, MEBO na vya jikoni

Asali haipaswi kudharauliwa. Uchambuzi wa pamoja wa majaribio uliotolewa mwaka 2015 na Cochrane, shirika la kimataifa linalochambua utafiti wa tiba, ulionyesha kwamba majeraha ya moto yasiyopita ngozi yote hupona siku nne hadi tano mapema kwa asali kuliko kwa bandeji za kawaida. Ila ile ya tiba husafishwa kwa mionzi na kuuzwa kwenye tyubu. Ya barabarani imechanganywa sukari mara nyingi, na inaweza kubeba mbegu za bakteria. Iwekwe baada ya jeraha kukaguliwa, juu ya gozi na siyo kumiminwa, na mgonjwa aambiwe mapema kwamba itawasha.

MEBO inajulikana zaidi na wenzetu wa Ghuba, ambako imekuwa ikitengenezwa na kampuni ya Julphar ya Emirati. Ni mafuta ya ufuta na nta ya nyuki. Asili yake ni China. Hupakwa nyembamba kila saa 4 hadi 6, baada ya kupangusa iliyopita. Kwa jeraha dogo la juu usoni likishakaguliwa hospitali, mahali ambapo bandeji haikai, ni chaguo linaloeleweka. Matangazo yanayosema inaotesha ngozi mpya kwenye jeraha lililopita ngozi yote usiyasikilize. Asiyeweza kula ufuta aiepuke.

Dawa ya meno, ute wa yai, unga wa ngano, majivu, samli: vyote hufunika, vyote huhifadhi joto au kuleta vijidudu, na vyote lazima vikwanguliwe hospitali. Dawa ya meno ndiyo mbaya kupita zote, kwa kuwa hukauka ikawa simenti juu ya ngozi iliyobabuka. GV ile ya zambarau haijengi ganda, lakini ukishaipaka kipimo cha rangi na cha kubonyeza vimekwisha kazi kwa siku kadhaa.

Masanduku ya huduma ya kwanza yaliyokwisha pangwa

Mengi tuliyoyaona ndani yana plasta ndogo nyingi, mkasi usiokata, pamba na chupa ya spiriti. Kwa kuungua, pamba na spiriti ni vya kutoa: nyuzi za pamba hunasa kwenye kidonda, na spiriti huunguza mara ya pili. Badala yake weka pakiti kumi za gozi ya parafini, gozi kavu kubwa, bandeji mbili za sentimita 7.5, roli ya plastiki ambayo haijafunguliwa, mkasi wa maana, na parasetamoli. Ya maji huwa na miligramu 120 kwa kila mililita 5. Dozi ni miligramu 15 kwa kilo, hivyo mtoto wa kilo 12 anapewa mililita 7.5 kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Aspirini asipewe mtoto. Kuhusu sindano ya pepopunda, andika kwenye kifuniko tarehe ya mwisho ya kila mtu nyumbani, kwa sababu hilo nalo utaulizwa mapokezi.

Sanduku lisikae juu ya friji wala karibu na jiko: gozi ya parafini ikipata joto mafuta huteremka upande mmoja wa pakiti, ukaifungua upande wa pili ukiwa mkavu. Na kama bado kuna tyubu ya silva sulfadiazini ya zamani humo, ifungue uitazame. Ikiwa imegeuka kahawia au kijivu, itupe.